Alama nyeusi kwenye unyayo wa mama mdogo: sisi weusi kwenda kuangaliwa ngozi kila mwaka, inatuhusu?

#1 BintiMwani
Asalam aleikum. Naomba mawazo yenu, hasa mlioko Jambiani na Paje, na wenzetu wa Pemba.

Mama yangu mdogo analima mwani tangu miaka ya tisini. Wiki iliyopita tulikuwa tunamtayarisha kwa harusi ya mjukuu wake, akaambiwa anyooshe miguu apakwe hina. Hapo ndipo nilipoiona. Chini ya kisigino cha kushoto ana doa jeusi, ukubwa wa punje ya kunde hivi. Upande mmoja limekolea kama wino, upande mwengine hudhurungi, na ukingo wake hauko sawa, umeingia na kutoka kama pwani yenye vihori. Nikamuuliza tangu lini. Kanambia, "Huo mwiba tu wa baharini, mwaka wa tatu umo humo." Hina ikapakwa juu yake na doa likapotea machoni.

Mtoto wa jirani yetu aliyeko Uingereza alipoiona picha kanambia mpeleke spitali haraka, huko kwao watu wanakwenda kuangaliwa ngozi kwa ajili ya saratani. Nilipolisema hilo nyumbani nikaambiwa kansa ya ngozi ni ya Wazungu na mazeruzeru, sisi haituhusu. Sasa nauliza: mtu mweusi anahitaji kuangaliwa ngozi kila mara hata kama haumwi? Kama ndiyo, nani aangalie, na wapi?

#2 NgalawaMbili
Waalaykum salaam. Mie mvuvi, miiba imenichoma tangu mtoto. Mwiba wa baharini ama unatoka, ama unafanya usaha, ama mwili unauyeyusha. Miaka mitatu umekaa kimya na kubadilika rangi? Huo si mwiba dada.

#3 Kizimkazi_Juu
Tusitishane. Saratani ya ngozi inatokana na jua. Unyayo hauoni jua. Basi hilo doa si saratani, hesabu iko wazi. Atakuwa kakanyaga jiwe, damu ikavilia ndani.

#4 Muuguzi_Chake
Kizimkazi, hesabu yako inafaa kwa baadhi ya aina tu. Saratani za ngozi ziko kadhaa. Mbili zilizo maarufu zinafuatana na jua kweli: huanza kama gamba lisilobanduka au kidonda kisichofunga, kwenye sikio, usoni, mdomo wa chini, shingoni. Ya tatu ni melanoma, hiyo inaanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Kwa Mzungu hutokea mgongoni, miguuni, popote alipoungua na jua. Kwa mtu mweusi ni nadra, lakini ikimtokea hupenda unyayo, kiganja na chini ya kucha. Kwa nini huko, wataalamu wenyewe bado wanavutana.

Na damu iliyovilia haikai miaka mitatu. Ngozi ya unyayo inajibadilisha, doa la damu husogea juu na kutoka ndani ya wiki au miezi.

Sisemi mama mdogo anayo. Siwezi kusema hilo kwa maandishi, na picha haitoshi. Ninachosema ni kuwa doa la rangi mbili, lenye ukingo usio sawa, lililokaa miaka mitatu unyayoni, halitibiwi kwa kungoja. Aende wiki hii hii. Akiambiwa ni kitu kidogo, alhamdulillahi, tutafurahi sote.

#5 DarajaniReggae
Bob Marley ndiyo hiyo hiyo iliyomuua! Alichezwa rafu kwenye mpira, kidole gumba cha mguu kikaumia, kikageuka kansa. Akafa 1980. Kwa hiyo jeraha linaweza kuleta.

#6 Maalim_wa_Wete
Alifariki tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36. Na kuhusu mpira, umegeuza mambo. Mwaka 1977 alidhani ni jeraha la mpira lisilopona, kumbe chini ya ukucha ilikuwa melanoma. Alishauriwa akatwe kidole, imani yake haikumruhusu, wakatoa ukucha na kupandikiza ngozi. Mpira ulisaidia kidole kitazamwe tu. Hapo mie naona ndiyo funzo kwa mwenye uzi: naye aliambiwa "jeraha tu", kama hivi tunavyosema "mwiba tu".

#7 DarajaniReggae
1981, sawa maalim, nimekosea. Lakini la jeraha sijakubali. Babu yangu Kizimbani aliungua mguu na mafuta ya nazi yanayochemka akiwa mtoto. Kovu lile likawa linachubuka na kufunga, linachubuka na kufunga, zaidi ya miaka thelathini. Kila alipokwenda kufungwa kidonda aliambiwa ni kidonda ndugu, asafishe na maji ya chumvi. Mwisho kikaota nyama kama ua la koliflawa na harufu. Walipokipima, saratani. Mguu ukakatwa chini ya goti. Hilo nimeliona kwa macho yangu, hakuna jua hapo.

#8 Muuguzi_Chake
Darajani, pole sana kwa babu. Na kwa hilo una haki kabisa. Kovu la moto na kidonda cha miaka mingi vinaweza kugeuka saratani. Ni jambo la kale. Daktari mmoja wa Ufaransa, Marjolin, aliandika juu ya vidonda vya namna hiyo mwaka 1828 na mpaka leo vinaitwa kwa jina lake. Kwetu sisi weusi, makovu na vidonda sugu ni miongoni mwa sababu kubwa za saratani ile inayoanza kama gamba. Hiyo ni njia nyengine, tofauti na ya Bob Marley. Kidonda chochote kilichopita miezi mitatu hakijafunga, mwambieni daktari akate kinyama kipelekwe maabara. Msikubali bendeji juu ya bendeji.

#9 MwanaWaKonde
Nimesoma tangu juu nikawa natafuta pa kuingilia. Mie ni mtu mwenye ualbino, nimezaliwa Konde, sasa naishi Chake.

Kwanza BintiMwani, dadaangu, sikukasirikii kwa sababu uliyanukuu maneno ya nyumbani, lakini neno "zeruzeru" linatuuma. Sema mtu mwenye ualbino. Ni maneno mengi kidogo, ila ndani yake mna "mtu".

Pili, hili swali la "kila mwaka" kwangu mie halina mjadala. Naangaliwa kila baada ya miezi sita, na ikitokea kitu naenda mapema. Ngozi yangu haina melanini, ile rangi ya kunikinga na jua. Nikiwa na miaka kumi na tisa mgongo wa mikono yangu ulikuwa na magamba kama ya samaki, makavu, ukiyapapasa yanakwaruza. Nikadhani ni ukavu wa ngozi, nikapaka mafuta ya mgando. Yule daktari aliyekuja na kliniki ya kutembea alinishika mkono, akaupapasa kwa kidole gumba taratibu, akanambia haya bado si saratani lakini yako njiani. Akayachoma kwa nitrojeni ya baridi, ile inayotoka moshi. Inauma kama kuumwa na siafu kumi, halafu malengelenge, halafu gamba linadondoka na ngozi mpya inatoka. Dakika chache tu.

Mwenzangu wa skuli, tulikaa dawati moja la mbele kwa sababu sote hatuoni ubaoni, yeye hakuja siku ile. Baba yake alikuwa na zamu ya karafuu na hakukuwa na wa kumleta. Alikuwa na kidonda nyuma ya sikio. Baada ya miaka miwili kidonda kile kilikuwa kimeingia ndani, akapelekwa spitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Hakurudi. Alikuwa na miaka ishirini na mbili.

Ndiyo maana nikisikia "haituhusu" moyo unanipiga. Mimi na yeye tulitofautiana asubuhi moja tu.

#10 BintiMwani
MwanaWaKonde, nisamehe kakaangu. Neno nimelipokea na sitalirudia. Allah amrehemu mwenzako.

#11 Shangani_Msomi
Nisome kidogo upande wa pili, msinirushie mawe. Kwenda kuangaliwa mwili mzima hali huna dalili, wenyewe duniani hawajakubaliana. Ujerumani tangu 2008 mwenye bima ya umma akitimiza miaka 35 anaangaliwa ngozi yote kila baada ya miaka 2. Lakini Marekani, jopo la wataalamu linaloshauri mambo ya kinga lilisema mwaka 2023 kuwa kwa watu wazima wasio na dalili ushahidi hautoshi kusema ndiyo wala hapana. Sasa kama wenye madaktari wa ngozi kila mtaa hawana uhakika, sisi tunaohesabu madaktari wa ngozi kwa vidole tukiwapeleka watu wote wazima foleni, MwanaWaKonde na wenzake watapata nafasi lini? Mie naona nguvu zote ziende kwao.

Kwa takwimu: Tanzania inakadiriwa mtu 1 kati ya 14,000 ana ualbino. Wanafikika hao.

#12 MwanaWaKonde
Ni 1 kati ya 1,400, ndugu, umeongeza sifuri. Hiyo 1 kati ya 17,000 mpaka 20,000 ndiyo ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Sisi tuko wengi. Lakini hoja yako naiunga mkono kwa nusu: foleni ya daktari tuachieni sisi na wenye dalili. Macho ya nyumbani hayana foleni.

#13 Shangani_Msomi
Shukran kwa kunisahihisha. Na hilo la macho ya nyumbani nalikubali.

#14 Muuguzi_Chake
Msomi, uchunguzi wa nchi hizo umefanywa zaidi kwa watu weupe wa kawaida, kwa hiyo haumwamulii mtu wa Konde wala mama wa Jambiani. Mwenye ualbino, mwenye kovu kubwa la moto, mwenye kidonda sugu, mwenye upungufu wa kinga mwilini, aliyepandikizwa figo, hao wana kliniki yao na ratiba yao. Sisi wengine tujitazame wenyewe mara moja kwa mwezi, na tukiona kitu ndiyo twende. Huo ndio msimamo wangu, na najua wapo wenzangu kazini wanaotaka zaidi ya hapo.

#15 Kizimkazi_Juu
Muuguzi, umenishinda kwa hoja, lakini hebu niambie tutazame nini. Mie mwili wangu mzima una madoa. Mke wangu ana vipele vyeusi vidogo vidogo chini ya macho, mama yake anavyo, bibi yake alikuwa navyo. Leo kasoma uzi huu amekaa na kioo tangu adhuhuri. Chakula cha mchana sijakiona.

#16 Muuguzi_Chake
Mwambie shemeji aweke kioo chini apike. Vile vipele vya usoni vinavyorithiwa ni vya kawaida sana kwa watu weusi, havina ubaya.

Tazameni lile doa lisilofanana na wenziwe. Ukilikata katikati kwa mawazo, nusu moja haifanani na ya pili. Ukingo umeraruka. Rangi zaidi ya moja ndani yake. Limepita milimita 6, yaani upana wa kitako cha penseli. Kubwa kuliko yote: linabadilika. Doa ulilozaliwa nalo, likakaa vile vile miaka arobaini, liache. Doa lililokuja ukubwani na linatembea, hilo ndilo la kupelekwa.

Kucha zina hukumu yake. Watu weusi wengi wazima tuna mistari ya hudhurungi kwenye kucha, mara nyingi zaidi ya ukucha mmoja, na ni salama. Wa kutia shaka ni mstari ulio peke yake, hasa kidole gumba cha mkono au mguu, unaopanuka mwaka hadi mwaka, au weusi wake umemwagika mpaka kwenye ngozi inayozunguka ukucha.

#17 SaloniYaMkunazini
Mimi napaka hina na piko, kazi yangu hiyo miaka kumi na moja. Nimesoma #1 nikaacha kazi nikakaa chini. Nyayo na kucha ngapi zimepita mkononi mwangu? Bibi harusi, mama mzazi, mashangazi, msimu wote. Nimeona mistari, nimeona madoa, nikayafunika vizuri kabisa na maua juu. Ndiyo kazi niliyolipwa. Hakuna daktari Unguja nzima anayeona nyayo nyingi za wanawake kama sisi wapaka hina.

Sasa na mie niulize: piko yenyewe haileti saratani? Maana kuna wateja wanaungua kweli, malengelenge, kovu linabaki la maua.

#18 UmmuSalma
Piko ndiyo mchawi hapo! Na mkorogo. Watu wanajichubua rangi aliyowapa Mwenyezi Mungu, kisha wanashangaa ngozi inaharibika. Mie sina shaka, saratani za siku hizi ni kemikali.

#19 Muuguzi_Chake
UmmuSalma, tuvitenganishe. Piko ni rangi ya nywele; ndani yake mna kemikali inayowapa watu mzio mkali, ndiyo hayo malengelenge. Kusema inaleta saratani ya ngozi, sina cha kukuonesha. Hina tupu isiyochanganywa ni majani tu. Mkorogo una shari yake: wenye zebaki unaharibu figo, na ngozi iliyochubuliwa imevuliwa mwavuli wake, jua linaipiga wazi.

Dada wa Mkunazini, maneno yako yamenikaa. Ukiona kitu, usimtishe mtu siku ya harusi yake. Piga picha kwa simu yake mwenyewe kabla ya kupaka, mwambie akimaliza fungate aende akaonwe.

#20 SaloniYaMkunazini
Nitafanya. Na wenzangu wa hina Mkunazini na Darajani nitawaambia, Alhamisi tunakutana.

#21 Mkoani_Bandarini
Nyote mmesema, hakuna aliyesema husda. Mama mkwe wangu alitoka doa kiganjani baada ya kupata mavuno makubwa ya karafuu, watu wakamsifia bila kusema mashaallah. Alinywa kombe la aya za Qur'ani siku saba, doa likafifia. Sipingi spitali, lakini yapo mambo ambayo darubini haiyaoni.

#22 Maalim_wa_Wete
Kijicho kipo, tumekisoma. Na kisomo ni kheri, mama na asomewe. Lakini ndugu yangu, kombe linanyweka hata ndani ya boti ya kwenda kupima. Kimoja hakimzuii mwenziwe. Ninachokiogopa ni zile siku saba kuwa miezi saba.

#23 Mkoani_Bandarini
Hapo tumekutana, maalim.

#24 Mwalimu_Jiografia_Unguja
Kuhusu jua, kuna jambo wenzangu wengi wanalikosea. Mnadhani hatari ni joto. Joto na mionzi inayounguza ngozi ni vitu viwili. Unguja iko nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta. Jua linatupitia utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Oktoba si mwezi wetu wa joto kali, lakini mionzi iko juu kabisa. Kipimo cha mionzi kinaitwa kikubwa mno kikifika 11, na kwetu kupita hapo ni kawaida. Na huu upepo wa Kusi unadanganya watu: unapuliza, unahisi ubaridi, unakaa muda mrefu zaidi.

Kisha mama zetu wa mwani. Bamvua la kwetu maji hukauka saa nne, saa tano asubuhi, wao ndiyo wanashuka shambani, na wanarudi juu saa saba, saa nane. Yaani bahari imewapangia kazi ndani ya zile saa ambazo wataalamu wanasema mtu akae kivulini, saa nne mpaka saa kumi. Jua la juu, na jua jengine linarudi kutoka kwenye maji na mchanga mweupe. Kizimkazi alisema unyayo hauoni jua. Sawa, lakini uso, midomo na macho vinaona mara mbili.

#25 NgalawaMbili
Macho, hapo umenigusa. Mie nina kinyama kwenye jicho la kulia, upande wa pua, karibu wavuvi wote wa rika langu Nungwi wanacho. Nacho ni saratani?

#26 Muuguzi_Chake
Kaka, vingi si saratani, ni jua, upepo na chumvi. Lakini kikikua haraka, kikawa cheupe au chekundu kilichoinuka, kikaingia kwenye mboni, kitolewe na kipimwe. Ipo saratani inayojificha humo. Onesha hicho chako, na vaa kofia ya ukingo mpana baharini.

#27 UkiliWaMama
Kofia! Nimepata pa kuingia. Mama na shangazi zangu wanasuka ukili huku Pemba. Pama la ukingo wa shibiri moja linafunika masikio na shingo. Kapelo inaacha masikio wazi yanaokwa. Kitambaa cha ndani tunatia ili upepo usilirushe, na kamba ya kidevuni. Anayetaka aniandikie pembeni.

#28 MwanaWaKonde
Andika jina langu la kwanza. Nimechoka na kofia za mtumba, zinaoza kwa jasho. Na niwaambie wenzangu wenye watoto wenye ualbino: pama, mikono mirefu, kivuli, kisha ndiyo mafuta ya jua, yenye namba ya kinga (SPF) 30 au zaidi. Mafuta peke yake hayatoshi. Kule Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo spitali ya KCMC, walitengeneza mafuta kwa ajili yetu yanaitwa Kilisun. Paka tena kila baada ya saa mbili, na midomo msiisahau. Mwambieni mwalimu mtoto asisimame kwenye paredi ya asubuhi juani. Mie mwalimu wangu wa darasa la tatu alinisimamisha chini ya mwembe peke yangu, watoto wakacheka wiki moja, wakazoea.

#29 UmmuSalma
Na liwa je? Bibi zetu walipaka liwa usoni wakienda shamba, na ngozi zao zilikuwa laini mpaka uzeeni.

#30 Mwalimu_Jiografia_Unguja
Liwa ni nzuri kwa ubaridi na harufu. Lakini mafuta ya jua yamepimwa na kupewa namba, liwa haina namba. Apake aipendaye, pama liwe juu yake.

#31 BintiMwani
Narudi na habari. Tulikwenda kituo cha kwanza, karibu na nyumbani. Aliyetupokea hakuomba hata mama mdogo avue ndara. Kasikia "doa mguuni", kaandika dawa ya fangasi. Nilisimama, nikasema, baba, naomba uliangalie, sitoki hapa mpaka uliangalie. Akaliangalia, akanyamaza, akaandika rufaa.

Spitali kubwa ya mjini mama mdogo aligoma mlangoni. Alijua atavuliwa nguo mbele ya mwanamme. Muuguzi mmoja mwanamke akatoka, akamshika mkono akamwita bi mkubwa, akamwambia atafunuliwa sehemu moja moja na kanga juu ya nyengine. Wakamtazama mgongo, kichwa chini ya mtandio, katikati ya vidole, kucha. Hajawahi kutazamwa hivyo na mtu tangu alipozaliwa, alisema mwenyewe. Wamekata doa lote na ngozi kidogo pembeni, wameshona, nyama imepelekwa maabara. Majibu wiki tatu.

Daktari nilimuuliza sababu: mwiba, jua, hina, urithi? Kasema hawezi kunitajia moja. Wapo wataalamu wanaodhani kukanyagwa na kubanwa kwa unyayo kunachangia, wapo wasiokubali.

#32 NgalawaMbili
Kukanyagwa? Mama zetu wanatembea juu ya mawe ya bahari miguu mitupu miaka thelathini. Basi mie bado nauhesabu ule mwiba.

#33 DarajaniReggae
Na mie bado nalihesabu jeraha.

#34 Maalim_wa_Wete
BintiMwani, ule msimamo wako pale kituo cha kwanza ndio uliofanya kazi. "Naomba uliangalie." Allah akulipe.

#35 TumbeMwani
Salaam kutoka Tumbe. Kikundi chetu cha mwani tumesomewa uzi huu na binti wa mwenyekiti jana jioni tukiwa tunafunga mbegu. Tulikuwa kumi na nne. Tukakaa mchangani tumeelekeana, kila mmoja mguu wa mwenziwe mapajani, tukaosha na kutazama. Kicheko kilikuwa kikubwa, wengine wana mtekenyo. Wawili wana madoa. La mmoja anasema kazaliwa nalo na dada yake kathibitisha. La pili, ukucha wa kidole gumba, mstari mweusi peke yake, anasema zamani ulikuwa kama uzi, sasa upana wa njiti ya kiberiti. Jumatatu tunampeleka, nauli tumechanga.

#36 Muuguzi_Chake
TumbeMwani, mpigeni picha ukucha huo na rula pembeni kabla hamjaondoka, na andikeni tarehe. Niandikieni pembeni nimjulishe mwenzangu awapokee.

#37 TumbeMwani
Rula ya skuli ya mtoto inafaa?

#38 Muuguzi_Chake
Inafaa sana.

#39 BintiMwani
Mama mdogo amesomewa habari ya Tumbe, kafurahi. Sasa ana swali moja kwa muuguzi, ananikera nalo tangu alfajiri: bamvua lijalo Ijumaa, anaweza kushuka shambani akifunga mfuko wa plastiki juu ya bendeji? Anasema mwani wake utaliwa na samaki.

#40 Muuguzi_Chake
Asishuke. Unyayo unapona polepole, nyuzi zitakaa wiki mbili au zaidi, na maji ya bahari yataingia tu kwenye mfuko. Akae juu kivulini na mguu kwenye kigoda, awafungie wenziwe mbegu kwenye kamba. Mwani wake wamshushie wao.